Ghaibu na Sahihi za Mataifa

Swali la kama nchi nyingine zitajiunga na Makubaliano ya Abraham, yaani mapatano yaliyotiwa saini jijini Washington tarehe 15 Septemba 2020, ambayo kwayo Falme za Kiarabu na Bahrain zilikubali kuwa na uhusiano wa kibalozi na Israel, hudhaniwa kuwa la wanadiplomasia peke yao, ingawa ndani yake mna swali la kale zaidi: je, tendo la hiari laweza kujulikana kabla mwenye hiari hajalitenda? Huko Kawe, jijini Dar es Salaam, ambako viwanja vya Tanganyika Packers hukusanya umati wa mikutano ya injili na adhana nayo haisikiki kwa mbali, wapo waumini wanaoyasoma matukio ya Mashariki ya Kati kama unabii unaotimia, na wapo wanaoshikilia kwamba ya kesho ni ghaibu, yaani mambo yaliyofichika ambayo elimu yake ni ya Mwenyezi Mungu.

Maandiko ya dini zote mbili yanakutana hapa kwa ukaribu wa kustaajabisha, kwani Surat al-Kahf humkataza mtu kusema kwamba atatenda jambo kesho bila kulifungamanisha na matakwa ya Mungu, na Waraka wa Yakobo huwaonya vivyo hivyo wafanyabiashara wanaopanga safari na faida ya mwaka mzima. Hakuna andiko kati ya hayo linalomzuia mfanyabiashara kufunga mizigo yake. Kinachokatazwa ni yakini. Kwa hiyo ubashiri, ukichukuliwa kwa maana ya makadirio yanayojengwa juu ya dalili na kukiri kiasi cha shaka, hauna budi kutengwa na uaguzi, ambao hudai kuiona ghaibu yenyewe. Aristotle naye, alipotafakari kauli kwamba kesho kutakuwa na vita vya baharini, aliona kuwa kauli hiyo haiwezi kuhesabiwa leo kuwa kweli ya lazima, maana kama ingekuwa hivyo, mashauriano ya wanadamu yangekuwa bure.

Historia ya Tanzania inatosha kumnyenyekeza mbashiri. Mwaka 1963, Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa kwa ushauri wa Waisraeli, dalili zote zilionyesha urafiki wa kudumu, lakini mwaka 1973, kufuatia vita vya Oktoba, serikali ya Mwalimu Nyerere ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israel, ukarejeshwa mwaka 1995, na ubalozi wa Tanzania ukafunguliwa Tel Aviv mwaka 2018. Oman, ambako Kiswahili bado kinazungumzwa majumbani, ilimpokea Benjamin Netanyahu huko Muscat mwezi Oktoba mwaka huohuo wa 2018, na wengi wakaamini kwamba ingetangulia wenzake wa Ghuba. Miaka miwili baadaye waliotia saini walikuwa wengine.

Hata hivyo, kosa zito zaidi la mbashiri ni kuhesabu sahihi bila kuuliza ni hiari ya nani iliyotia sahihi hiyo. Kazakhstan ilitangaza kujiunga mwezi Novemba 2025 ilhali ilikuwa na uhusiano na Israel tangu 1992, jambo linaloonyesha kwamba neno “kujiunga” lenyewe lahitaji kufafanuliwa kabla ya makadirio yoyote. Sudan inaumiza zaidi. Khartoum, mji ambao mwaka 1967 viongozi wa Kiarabu waliazimia humo kutofanya amani na Israel, kutoitambua wala kujadiliana nayo, ndiko serikali ya mpito ilikotia saini tamko la makubaliano hayo tarehe 6 Januari 2021, wiki chache baada ya Marekani kuiondoa nchi hiyo katika orodha ya wafadhili wa ugaidi, na ni vigumu kuiita hiari kamili ridhaa ya taifa maskini lililowekewa mbele yake malipo ya namna hiyo. Yalifuata mapinduzi ya Oktoba 2021, kisha ahadi ya Februari 2023 kwamba mkataba kamili ungesainiwa baada ya madaraka kukabidhiwa kwa raia, kisha vita vilivyozuka nchini humo tarehe 15 Aprili mwaka huohuo. Aliyebashiri mwaka 2020 kwamba Sudan ingejiunga huhesabiwa kuwa alipatia, ingawa bunge la mpito lililopaswa kuidhinisha uamuzi huo halikuundwa kamwe, na mamilioni ya wananchi ambao bunge hilo lingesema kwa niaba yao wamelazimika kuyahama makazi yao, wengine wakivuka mpaka kuingia Chad na Sudan Kusini.