Ndege Ajuaye Majira Yake
(Yeremia 8:7)

Ndugu wapenzi, nabii Yeremia awaaibisha watu wa Israeli kwa mfano wa ndege: mbayuwayu na korongo huyajua majira ya safari yao, bali watu hawaijui hukumu ya Bwana. Neno hili latupata na sisi.

Yuko ndege mdogo mwimbaji, aitwaye ndege wa matete wa Basra. Huzaa katika matete ya Iraki, penye mito Hidekeli na Frati tuisomayo katika kitabu cha Mwanzo. Baridi ikikaribia huruka hata Kenya, Tanzania, Malawi na Msumbiji, kisha hurudi kwao. Katika miaka ya 1990 watawala wa Iraki walikausha sehemu kubwa ya mabwawa yale, matete yakafa. Mwaka 2003 wenyeji walibomoa kingo, maji yakarudi mahali pengi. Walakini hata leo ndege huyu yu hatarini.

Ni nani awezaye kumtunza? Si taifa moja. Sisi wa Gongoni twajua habari za safari. Wazee wetu walipobeba pembe kutoka Tabora hata Bagamoyo, msafara uliishi kwa kambi zake. Kisima kimoja kikikauka, wapagazi walianguka njiani, ijapokuwa visima vingine vyote vimejaa. Safari ya ndege ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo mataifa yameshikana mikono. Huko Ngulia, nchini Kenya, tangu mwaka 1969 wataalamu wa Kenya na wa Ulaya huwanasa ndege wa safari, huwatia pete miguuni na kuwaachia. Pete ionekanapo nchi nyingine, njia yao hujulikana. Tena mwaka 2014, mkutanoni Quito, mataifa ya mapatano ya Bonn ya mwaka 1979 yalikubali mpango wa kuwahifadhi ndege wa nchi kavu wasafirio kati ya Afrika, Ulaya na Asia.

Huenda yule wa Basra asitue Gongoni; lakini mbayuwayu na wageni wengine hutufikia kila mwaka. Basi yatupasa tusichome matete ya mabonde, tusimalize miti kwa kukaushia tumbaku, na watoto wetu tuwakataze kuwapiga ndege kwa manati. Watu wa Frati hawatatuona, wala ndege hatatulipa. Na huo ndio ukarimu wa kweli.

Mungu asiyemsahau hata shomoro mmoja atujalie kuilinda kambi tuliyokabidhiwa. Amina.