Meno ya Kahawia Nayo Yanataka Mswaki

Wajukuu zangu wa Arumeru, Hai na Siha, nanyi nyote mliokulia kandokando ya Meru na Kilimanjaro, nina neno nanyi kuhusu meno. Nawasikia mkiambiana kwamba floraidi mmeshainywa ya kutosha tangu utotoni, kwa hiyo dawa ya meno yenye floraidi ni ya watu wa kwingine. Neno hilo litawang'oa meno.

Ni kweli maji yetu yana floraidi nyingi. Inatokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na vyanzo vingi vya kwetu vimepita kiwango hicho. Magadi tunayotia kwenye makande na maharage nayo huongeza. Mtoto akiimeza kwa wingi wakati meno ya ukubwani yangali yanajengeka ndani ya ufizi, yataota na madoa ya kahawia, pengine na vishimo. Jino likishakomaa, madoa hayo hayaletwi tena na mswaki wala dawa yake.

Kwa mtu mzima, kazi ya floraidi iko juu ya jino. Kila tunapokula vitamu, bakteria wa kinywani hutoa asidi inayoliibia jino madini yake. Floraidi ikiwepo kwenye mate, madini hayo hurudi upesi na jino hukazana. Ile mliyoimeza utotoni haiwezi kuwafanyia kazi hiyo leo. Na jino lenye vishimo hushika uchafu, hivyo linahitaji kulindwa zaidi.

Umri nao una mambo yake. Fizi hushuka, mizizi ya meno ikabaki wazi, na mzizi huoza upesi kuliko sehemu ya juu. Baadhi ya dawa, zikiwamo za shinikizo la damu, hukausha mate. Mkifika huko, mwombeni daktari wa meno awapime. Akiona mko hatarini atawapaka vanishi ya floraidi, kwa kawaida kila baada ya miezi 3 hadi 6, au atawaandikia dawa ya mswaki yenye nguvu zaidi.

Kwa sasa, shikeni haya. Pigeni mswaki mara 2 kwa siku, na ule wa kabla ya kulala msiuruke. Someni boksi la dawa: floraidi iwe kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Mkimaliza, temeni povu, msisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki kwenye meno. Madoa msiyakwangue kwa mchanga wala mkaa. Daktari anazo njia za kuyapunguza.

Watoto wenu wadogo wapeni maji ya mvua yaliyokingwa vizuri au ya chanzo kilichopimwa. Kuchemsha hakuondoi floraidi; maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki. Aliye chini ya miaka 3 atiwe dawa kiasi cha punje ya mchele tu, naye asiimeze.

Rangi ya meno yenu si aibu. Ni alama ya ardhi iliyowalea. Aibu ni kuyaacha yaoze wakati kinga inauzwa dukani. Maji yapimeni, na mswaki msiuache.