Jirani Mwenye Mkahawa

Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika Suratin Nisaa, aya ya 36, ameamrisha kumfanyia wema jirani wa karibu na jirani wa mbali. Amri hiyo haikumtoa muuza chai.

Huenda aila ikahamia nyumba mpya, Muscat au Dubai, na chini yake pana mkahawa. Usiku magari husimama, na kila dereva hupiga honi aletewe chai pale alipo. Mtoto hushituka, mgonjwa hukesha, na mwenye kuamkia Alfajiri hupitiwa na usingizi.

Hayo ni madhara, na kudhuru ni haramu. Lakini dhara hailipwi kwa dhara. Aliyeudhika aanze kwa salamu: amwendee mwenye mkahawa mchana, kwa faragha, amweleze kwa upole, pengine hajui kuwa juu yake yupo mgonjwa. Asiposikia, ashitakiwe Baladia kwa ukweli mtupu, bila ya kuzidisha, kwani hiyo ni riziki ya mtu.

Kisha mshitaki aihesabu nafsi yake: je, yeye hapigi honi mbele ya mkahawa wa mtaa mwengine? Huko nako wamelala waja wa Mwenyezi Mungu. Basi na ashuke garini, aifuate chai yake kwa miguu.

Na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.