Dafu la Mfungaji

Mwaka 2025 Kwaresima yetu na Ramadhani ya ndugu zetu Waislamu ziliingia zikifuatana kwa siku chache tu. Katika majuma hayo sisi tulikuwa safarini kwa baiskeli, kutoka Dar es Salaam kwenda Nyamisati, mahali ambapo vyombo huvuka kwenda Mafia. Katika siku zote za safari hiyo, siku moja haitutoki moyoni.

Tulikuwa tumelala Bungu. Pale msafiri huiacha barabara kuu ya Kilwa, akashika mkono wa kushoto kuelekea baharini, mwendo wa kilomita zipatazo arobaini za udongo na mchanga kati ya mikorosho na minazi. Tuliondoka saa kumi na mbili, nasi tulikuwa tumeazimia kutotia kitu kinywani hadi adhuhuri, iwe sadaka yetu ya Kwaresima. Twakiri kwamba azimio hilo lilitupendeza mno. Mtu afungaye akijitazama hana tofauti na mtu ajitazamaye katika kioo.

Tena tulibeba mzigo mwingine, nao ni hofu. Nani asiyekumbuka habari za Kibiti? Katika miaka ya 2016 na 2017 viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine, na tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliviziwa barabarani, wakauawa siku moja. Pikipiki zikakatazwa kutembea usiku. Wenyeji walimwogopa mgeni, na mgeni akawaogopa wenyeji. Amani imerudi, lakini jamaa zetu mjini walituaga kama watu waendao vitani, nasi tuliyaamini maneno yao kuliko tulivyothubutu kusema.

Ilipofika saa nne jua lilikuwa kali, na gurudumu la nyuma la mwenzetu lilizama mchangani kila mara. Tulishuka tukasukuma. Kisha pancha. Tulipomaliza kutia kiraka, maji yetu yalikuwa yamekwisha, na azimio letu zuri nalo likaisha pamoja nayo. Tukapiga hodi kwenye nyumba ya makuti kando ya njia.

Akatoka mzee mwenye kofia. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatukaribisha kivulini. Na sisi tulifanya nini? Kabla ya kuketi, mbele ya macho yake, tulizifunga baiskeli zetu kwa mnyororo na kufuli kwenye mwembe wake. Aliona. Hakusema neno.

Alimwita mjukuu wake, kijana akapanda mnazi, na madafu yakaangushwa. Mzee aliyakata kwa mkono wake mwenyewe, akatupa moja moja. Midomo yake ilikuwa imekauka, ndipo tukatambua kwamba amefunga. Tukasita. Akasema, “Kunyweni, wanangu. Msafiri ana ruhusa.” Tulikunywa, naye akatutazama kwa furaha, kana kwamba maji yale yalikuwa yakishuka kooni mwake. Tulipotoa fedha, alirudisha mkono wetu kwa upole.

Tangu utoto tumehubiriwa mfano wa Msamaria katika Injili ya Mt. Luka, na kila mara twajiweka mahali pa Msamaria. Twajiona tukishuka, tukifunga jeraha, tukilipa gharama. Ni mara chache kujiweka mahali pa yule aliyelala njiani. Huyo hakuwa na la kutoa. Alipaswa kukubali mkono wa mtu ambaye watu wa kwao walimdharau na kumshuku, asimwulize kwanza ni wa dini gani. Katika njia ya Nyamisati sisi ndio tuliolala njiani, tena tukiwa na kufuli mkononi. Enyi wazazi, watoto wetu husikia tunavyowasema majirani wa dini nyingine tukiwa mezani, na maneno hayo hukaa ndani yao kabla hawajamwona jirani mwenyewe. Twasema haya kwa aibu, maana tumeyasema sisi.

Jioni tulifika Nyamisati. Mikoko imesimama ndani ya maji kote, na njia za delta ya Rufiji huingia humo hata jicho lisizifuate. Adhana ya magharibi ilipolia, wavuvi walikuwa wameketi mkekani kwa futari, wakatuita. Safari hii hatukusita.

Baada ya siku nne tulirudi kutoka Mafia kwa njia ile ile, tukiwa na pakiti ya tende kwa ajili ya mzee. Tuliziegemeza baiskeli kwenye mwembe, tukaziacha hivyo. Alizipokea tende, akashukuru, kisha akauliza kwa haya kidogo kama tumebakiwa na solusheni na kiraka, kwa maana baiskeli ya mjukuu wake ilikuwa na pancha tangu juzi.