MALKIA NA WATU WA MJI WAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Enyi ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu ametoa katika Suratun-Naml khabari ya malkia wa Sabaa. Ilipomfikia barua ya Nabii Suleiman, amani imshukie, aliwakusanya wakuu wake akawataka shauri. Wao wakamtajia nguvu zao na ushujaa wao vitani. Malkia hakughurika na maneno hayo, bali aliukumbuka mji na madhila yanayowapata watukufu wake pale wafalme wauingiapo kwa vita. Akatanguliza hidaya kabla ya upanga, na mwisho wa mambo yake ukawa Uislamu.

Katika nchi hiyo hiyo ya Yaman, baada ya karne nyingi, alitokea malkia mwingine aliyepewa jina la Bilqis mdogo. Huyo ni Sayyida Arwa binti Ahmad, wa ukoo wa Sulayhi, aliyefariki mwaka 532 wa Hijra, yaani 1138 wa Miladi. Mumewe, Al-Mukarram Ahmad, alipopatwa na maradhi ya kupooza alimwachia mambo ya utawala. Makao yao yalikuwa San'a, mji mkubwa wa kale.

Wenye tarikh wanasimulia ya kuwa Sayyida alimwomba mumewe awakusanye watu wa San'a. Walipokusanyika akamwambia atazame, naye hakuona ila panga na mikuki inayometameta. Kisha wakenda Dhu Jibla, mji mdogo ulio baina ya mito miwili katika milima ya kusini, na watu wake wakaitwa vile vile. Huyu alikuja akivuta kondoo, yule amechukua chombo cha samli, na mwingine asali. Hapo Sayyida akasema kwamba kukaa na watu hawa ndiko bora. Mumewe akakubali, na makao makuu yakahamishwa.

Jambo hilo lilikuwa na thamani yake, kwani baadaye San'a iliwatoka mikononi, ikashikwa na masultani wa Hamdan. Lakini Sayyida alidumu Dhu Jibla na watu wake mpaka kufa kwake, naye ni mkongwe. Nyumba ya kifalme ya huko aliifanya msikiti, na humo akazikwa. Ufalme wa Wasulayhi umekwisha zamani, na msikiti ungali umesimama.

Huenda mtu akasema: huyo alikuwa mwanamke, tena madhehebu yake ni ya Kiismaili. Yote mawili ni kweli. Wanavyuoni wa Kishafii wamekwisha kueleza sharti za uimamu, na khabari hii haigeuzi hata moja. Lakini uadilifu ni uadilifu popote uonekanapo, wala haimjuzii Muislamu kumnyima mtu haki yake kwa kuwa amekhitalifiana naye.

Na mazingatio makubwa ni ya raia. Watu husema mengi juu ya watawala, na huangalia kidogo walichokishika mikononi mwao siku wanapoitwa. Watu wa San'a hawakuitwa vitani, waliitwa tu, wakaja na panga. Watu wa Dhu Jibla waliitwa, wakaja na matunda ya jasho lao. Kila watu walikuja na kile ambacho mikono yao imekizoea.

Basi mji ambao watu wake, wakiitwa kwa jambo la msikiti au waqfu au chuo cha watoto, huja na magomvi ya koo na mitaa, na kila mmoja ana neno la kukata kama upanga, mji huo huifukuza kheri yake wenyewe. Na mji ambao huyu huja na kibaba cha mchele, na yule na chokaa, na asiye na kitu huja na nguvu za mikono yake, kheri hukaa humo ujapokuwa mdogo.

Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kuwa kila mtu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Malkia ameulizwa yake, na kila mwenye mji ataulizwa yake. Kila mmoja na aitazame mikono yake leo, kabla ya mwito ambao hapana awezaye kuukawia.

Ewe Mola, zipatanishe nyoyo za Waislamu, na uijaalie miji yao kuwa miji ya amani. Amin.