Masikio Yangu, Uamuzi wa Nani?



Swali la leo limenifikia kwa watu wawili. Wa kwanza ni binti wa miaka 17, yuko kidato cha tano: "Frateri, masikio yangu yametokeza sana, shuleni wananiita Dishi. Nikipata hela nikafanyiwa upasuaji yakalala vizuri, nitakuwa nimetenda dhambi?" Wa pili ni mama mmoja ambaye mwanae ana miaka sita. Masikio yake nayo yametokeza, na ndugu aliyeko Uingereza amemshauri mama awahi kumpeleka kwa daktari mtoto akiwa bado mdogo. Maswali yanafanana kabisa. Majibu yangu hayafanani, na sababu yake ndiyo ninayotaka tuiangalie pamoja.

Tuanze na hilo la dhambi, maana halihitaji muda mrefu. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano tu kabla ya kufariki, Papa Pius XII alizungumza na madaktari wa upasuaji wa plastiki wa Italia. Hakuwafukuza. Aliwaeleza kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, ila si jema lililo juu ya mengine yote. Na kwamba upasuaji wa kuuboresha unaruhusiwa kama nia ni safi, afya haiwekwi kwenye hatari kubwa, na sababu ina uzito wa kutosha. Alichokataa ni kama vile kujirembesha ili kumvuta mwenzako dhambini, au mhalifu kubadili sura akwepe sheria. Katekisimu nayo, namba 2289, inaonya dhidi ya kuugeuza mwili kuwa mungu ambaye kila kitu kinatolewa sadaka kwake. Kwa hiyo, dada yangu, upasuaji wenyewe si dhambi.

Waliosoma maadili watakumbuka kwamba tendo hupimwa kwa mambo matatu: kitendo chenyewe, nia, na mazingira. Sasa umri ni sehemu ya mazingira, na mara nyingi unaibadilisha hata nia, kwa sababu umri ndio unaoonyesha nani hasa anaomba kitu hiki.

Tujue kwanza kinachofanyika. Sikio la nje ni gegedu lililofunikwa na ngozi. Likitokeza, mara nyingi ni kwa sababu ule mkunjo wa ndani haukujikunja vizuri, au bakuli la sikio ni kubwa. Daktari hupasua nyuma ya sikio, hulitengeneza gegedu, hushona, kisha mgonjwa hufungwa bandeji kichwani. Usikivu hauongezeki wala haupungui. Mtoto mdogo hupewa nusukaputi. Mkubwa anaweza kufanyiwa kwa ganzi tu. Inaweza kutokea damu kuvilia, kidonda kupata maambukizi, au sikio kurudi lilivyokuwa. Na kuna keloidi. Sisi wenye ngozi nyeusi tuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata makovu hayo yanayovimba, na sikio ni sehemu mojawapo ambayo hutokea sana. Kama wewe au ndugu yako mlitoboa ndewe pakaota uvimbe, daktari alijue hilo kabla hajashika kisu.

Kwa mtoto mchanga mambo ni mepesi. Wiki za mwanzo gegedu bado ni laini kwa sababu ya homoni za mama, na kifaa kidogo kikiwekwa na kubanwa kwa plasta kwa muda kinaweza kulipa sikio umbo bila upasuaji wowote. Nafasi hiyo hufungwa haraka. Bibi zetu humkanda mtoto kichwa na pua, kwa hiyo wazo la kumtengeneza mtoto akiwa laini si geni kwetu. Muulize daktari wa watoto mapema, ila usijaribu kufunga kamba nyumbani.

Mama yangu wa mtoto wa miaka sita, shikamoo, na hapa naomba tukae kidogo. Ni kweli kwamba kufikia miaka mitano au sita sikio linakuwa limekaribia ukubwa wa utu uzima, na gegedu limekomaa kiasi cha kushika nyuzi. Ndiyo maana madaktari kwa kawaida hawafanyi upasuaji huu chini ya miaka mitano. Lakini gegedu kuwa tayari si sawa na mtoto kuwa tayari. Je, yeye mwenyewe amewahi kulalamika? Anavuta kofia hadi kwenye nyusi, analia asubuhi akiambiwa aende shule? Au anacheza mpira na wenzake na hajui kabisa kama ana tatizo? Kama hajui, basi aibu iliyopo ni ya watu wazima, pengine ni ya picha ya Komunyo ya Kwanza itakayokuja. Ukimpeleka hospitali katika hali hiyo, kitu cha kwanza atakachojifunza kuhusu masikio yake ni kwamba mama yake aliyaonea aibu. Mwache acheze. Upasuaji huu unaweza kufanyika hata akiwa na miaka 12, 20 au 40.

Lakini kama anateseka kweli, kumsaidia ni upendo, na mtu asikufunge mdomo kwa kukuambia kwamba Mungu haangalii sura bali moyo. Maneno hayo ya 1 Samweli 16 yalisemwa ili Samweli asimchague mfalme kwa kimo chake. Hayakusemwa ili mtoto anayedhihakiwa akauke machozi. (Tena ukisoma mbele kidogo, aya ya 12, mwandishi huyohuyo anatuambia bila aibu kwamba Daudi alikuwa kijana mzuri wa sura!)

Sasa wewe dada wa kidato cha tano. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hapa Tanzania aliye chini ya miaka 18 bado ni mtoto, kwa hiyo wazazi wako lazima waridhie. Hilo ni la sheria. La moyoni ni gumu zaidi. Najua shule zetu nyingi wasichana hunyoa, kwa hiyo huna nywele za kufichia. Najua pia jina la utani likishika linakufuata hadi kwenye mahafali. Nakuomba ujiulize maswali mawili. Ulianza kuyachukia masikio yako lini? Kama ni tangu darasa la tatu na hali haijabadilika, hiyo ni sababu yenye uzito. Kama ni tangu mwezi uliopita mtu alipoandika kitu chini ya picha yako, subiri mwaka mmoja. La pili: ukishafanyiwa, nini kitabadilika? Ukinijibu kwamba utasimama kusoma somo la Misa bila kuhisi kila mtu anakutazama pembeni, nakuelewa, na hilo upasuaji unaweza kulisaidia. Ukinijibu kwamba ndipo utakapopendwa, hapo unamdai daktari kitu ambacho hana.

Halafu kumbuka kwamba sikio "sahihi" halikushuka kutoka mbinguni. Kuna wazee wa Kimasai waliotanua ndewe zao hadi zikaning'inia, na kwao hiyo ilikuwa heshima na uzuri. Wanaokuita Dishi wana kipimo kimoja tu, tena cha kuazima.

Aliyefikisha miaka 18 na anajitegemea, uamuzi ni wake. Nitamuuliza tu fedha zinatoka wapi. Kama ni ada ya mdogo wake au mkopo wa kausha damu, sababu yake haina uzito aliousema Papa Pius.

Kwa wanaotania, nina jambo moja. Usiku wa Bustani ya Gethsemane Petro alimkata sikio mtumishi wa kuhani mkuu. Yohane anatupa jina lake, Malko. Luka peke yake ndiye anayetuambia kwamba Yesu aligusa lile sikio akaliponya. Yuko mbioni kukamatwa, na bado anashughulika na sikio la mtu wa upande wa adui. Hakumwambia Malko kwamba lile la kushoto linatosha. Sisi tunayagusa masikio ya wenzetu kwa ulimi, hadi mtu anatafuta kisu ili atuepuke, na tunaita utani. Dhambi niliyoulizwa mwanzoni iko hapo, na inafaa kupelekwa kitubioni.

Dada yangu, ukikubaliana na wazazi, nendeni kwa daktari bingwa aliyesajiliwa, si kwa anayejitangaza mtandaoni. Mwombe akuonyeshe makovu ya watu wenye ngozi kama yako aliowafanyia. Panga iwe likizo, mbali na mitihani, maana bandeji itakaa siku kadhaa, na baada yake utavaa utepe wa kichwani usiku kwa wiki kadhaa, bila netiboli. Kabla ya kwenda niandikie tarehe, nikuweke kwenye nia za Misa ya asubuhi.