Asiachwe Njiani

Katika karne ya 19 wapagazi wengi walipita Tabora wakifuata njia ya misafara itokayo Bagamoyo hata Ujiji. Desturi moja ya njia ile ilikuwa ya kusikitisha: mara nyingi mtu aliyeugua akashindwa kuinua mzigo aliachwa chini ya mti, na msafara ukaendelea. Twaikumbuka tuonapo jinsi jamaa nyingi za Kikristo zinavyomtendea baba aliyetekwa na tumbako.

Mkoani Tabora neno hili ni zito. Huko Urambo mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulishindwa, na tumbako ikashika mahali pake. Tangu hapo jani hili limelipa karo za watoto wengi. Hatumhukumu mkulima. Hata hivyo Baba Mtakatifu Fransisko aliamuru sigara zisiuzwe Vatikano tangu mwaka 2018, ingawa zilileta fedha, kwa kuwa zadhuru afya.

Mvutaji husema Jumatatu, "Nimeacha." Jumatano amerudia, nasi twamcheka. Twakosea. Nikotini imekwisha uzoeza ubongo wake. Akiikosa hukasirika upesi, usingizi humpaa, na siku za kwanza ndizo kali kuliko zote. Lakini kila tamaa ipandapo hudumu dakika chache tu. Akipata mtu wa kuzungumza naye, hupita.

Yule mwenye kupooza wa Kafarnaumu hakufika kwa miguu yake. Watu wanne walimbeba, wakatoboa dari, na Marko asimulia kwamba Bwana aliitazama imani yao. Je, wanne wa baba huyu ni nani? Mke asimsimange. Mtoto asitumwe tena dukani kununua sigara (wangapi kati yetu hatukutumwa?). Mwenzake wa jumuiya amtembelee jioni, saa ile aliyozoea kuwasha. Mganga wa zahanati aombwe shauri. Na padre avutaye, maana wapo, aanze siku moja na waumini wake.

Mwaka mmoja bila sigara hupunguza karibu nusu ya hatari ya ugonjwa wa moyo iletwayo na uvutaji. Ni safari ndefu, na wengi huanguka zaidi ya mara moja kabla ya kufika. Akianguka, wale wanne wamwinue tena jioni ile ile, bila kumwuliza ni mara ya ngapi.